Uteuzi na Ufungaji wa Minyororo ya Matairi katika Barabara za Udongo: Kutoka Rasi ya Raskazone hadi Usambara Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua na kufunga minyororo ya matairi kwa gari linalopita katika barabara za udongo wakati wa masika. Mfano unaorejelewa ni njia inayotoka Raskazone, jijini Tanga, kupitia Muheza hadi Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha kwanza cha uteuzi ni ardhi iliyo chini ya tairi. Mnyororo unaoliokoa gari katika mteremko wa udongo mwekundu huweza kulizamisha gari hilohilo katika mchanga wa pwani, na kila unapotumika huiachia barabara jeraha.

1.0 Utangulizi

Maelekezo mengi kuhusu minyororo ya matairi yameandikwa katika nchi za baridi, na msomaji wake anayekusudiwa ni dereva wa theluji na barafu. Nchini Tanzania theluji ya kudumu iko katika kilele cha Kilimanjaro, ambako hakuna barabara ya magari. Ndiyo maana chombo hiki huonekana kuwa kigeni kabisa kwa dereva wa Tanga. Hata hivyo, historia yake inasema vingine. Harry D. Weed wa jimbo la New York, Marekani, alipata hataza ya mnyororo wa tairi mwaka 1904, na husimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kwa kuwaona madereva wakizungushia matairi yao kamba, na hata mimea itambaayo, ili wavuke penye tope au theluji. Tope, basi, limo katika asili ya chombo hiki.

Njia ya Raskazone hadi Amani inafaa kuwa mfano kwa sababu ndani ya safari fupi inakutanisha ardhi zenye tabia tofauti. Raskazone ni rasi iliyo usawa wa bahari. Amani iko takriban mita 900 juu, katika milima inayopata mvua nyingi kuliko mji wa Tanga. Sehemu ya mwisho ya njia hupanda kwa kona kali zinazopita msituni. Kwa njia hiyo hushuka chai, iliki, karafuu na mdalasini. Kwa njia hiyohiyo huteremshwa wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya Muheza. Mwenye gunia la iliki anaweza kusubiri barabara ikauke. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi. Tofauti hiyo ndiyo inayoupa mjadala huu uzito.

2.0 Namna Mnyororo Unavyofanya Kazi

Tairi hushika ardhi kwa msuguano na kwa kashata zake, yaani meno ya mpira yanayouma udongo. Udongo wa mfinyanzi unapolowa, nafasi zilizo kati ya kashata hujaa tope, na tairi lenye kashata nzuri hugeuka kuwa sawa na tairi kipara. Utando mwembamba wa tope hukaa kati ya mpira na udongo mgumu, ukifanya kazi ya kilainishi.

Mnyororo huondoa hali hiyo kwa njia mbili. Kwanza, uzito wa gari uliokuwa umetandazwa katika eneo pana la mpira hukusanywa juu ya pete chache za chuma. Shinikizo huongezeka, na pete hukata utando huo hadi kufikia udongo mgumu. Pili, minyororo inayokatiza tairi huchezacheza kidogo kila gurudumu linapozunguka, na mchezo huo husaidia kuangusha tope lililoganda. Maelezo haya yana sharti moja: lazima kuwe na udongo mgumu chini ya tope. Usipokuwapo, pete hazina cha kuuma, hubaki kuchimba.

3.0 Ardhi Inayoamua

Katika fukwe za Raskazone na njia za mchanga za ukanda wa pwani, mnyororo haufai. Mchanga mkavu hauna utando wa kukatwa. Pete huutupa nyuma, na gurudumu hujichimbia shimo mpaka ekseli ikalala chini. Hapo dawa ni kupunguza upepo wa matairi ili yatandae, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi barabara ngumu. Tope la mikoko nalo halina sakafu ya karibu, hivyo mnyororo huharakisha kuzama. Zaidi ya hayo, chumvi hula chuma. Mnyororo uliogusa maji ya bahari uoshwe kwa maji baridi, ukaushwe na kupakwa mafuta.

Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika nyanda za bara ya mkoa, hauna jibu moja. Huvimba unapolowa na kunata mno. Mvua ikiwa imelowesha tabaka la juu tu, mnyororo husaidia. Mvua ikiwa imenyesha kwa siku nyingi, gurudumu huviringika na udongo hadi ukajaa chini ya madigadi.

Udongo mwekundu wa Usambara ndio uwanja halisi wa mnyororo. Katika barabara iliyoshindiliwa, tabaka la juu huteleza ilhali la chini limebaki gumu. Kipimo rahisi ni fimbo: dereva ateremke na kuichomeka katika njia ya tairi. Ikigota karibu, mnyororo utashika. Ikizama bila kugota, gari lisiingie.

4.0 Uteuzi

Baada ya ardhi, kinachofuata ni kipimo cha tairi, kinachosomwa ubavuni mwake. Maandishi 235/85R16 yana maana ya upana wa milimita 235, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 85 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Tairi la 7.50R16, lililozoeleka katika magari ya kazi, lina upana wa inchi 7.5. Mnyororo ununuliwe kwa kipimo hicho, kwani uliolegea hupiga bodi na uliobana haufungiki.

Umbo nalo lina maana. Mnyororo wa ngazi una vipande vinavyokatiza tairi kama vipago. Huvuta vizuri mbele na nyuma, lakini hauzuii sana gari kuserereka kwa ubavu. Mnyororo wa umbo la msambamba hukatiza kwa mshazari, hivyo hushika pande zote. Kwa kona za Amani, ambako ubavu mmoja wa barabara ni bonde, umbo la pili linastahili gharama yake.

Kabla ya kununua, ikaguliwe nafasi iliyopo kati ya tairi na springi, madigadi na mpira wa breki, huku usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Pete inayokata mpira wa breki mlimani huleta hatari kubwa kuliko utelezi wenyewe.

5.0 Ufungaji

Minyororo hufungwa kabla ya kukwama, mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu yamewekewa kigingi. Mnyororo hutandazwa chini na kunyooshwa usiwe na msokoto. Kisha huvikwa juu ya tairi, ncha wazi za kulabu zikitazama nje ili zisichome mpira. Kulabu ya ndani hufungwa kwanza, halafu ya nje. Gari husogezwa kidogo ili sehemu iliyokaliwa na tairi ipatikane, na mnyororo hukazwa kwa mkono. Upepo usipunguzwe kwa ajili ya kurahisisha kazi. Baada ya mita 100 hivi, dereva husimama na kukaza tena, kwa kuwa mnyororo huwa umejipanga upya.

Magurudumu mawili ya ekseli moja hufungwa pamoja, kamwe si moja pekee. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, minyororo hukaa nyuma. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lenye jozi moja tu, kupanda huhitaji minyororo nyuma, ulikoelemea uzito. Kushuka huihitaji mbele, kwa kuwa usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki viko huko, ingawa mkia unaweza kuserereka. Safari ya Amani ina kupanda na kushuka, hivyo jozi mbili ndizo zinazofaa. Mwendo uwe wa gia nzito, bila kuyazungusha magurudumu bure.

6.0 Gharama kwa Barabara

Pete zinazokata utando wa tope hukata pia uso wa barabara. Mfereji unaoachwa hugeuka njia ya maji. Mvua inayofuata huuchimba zaidi, na gari la kesho hukuta tope refu kuliko la leo. Kwenye lami, mnyororo huharibu lami, hujiharibu wenyewe na hupunguza mshiko. Kwa sababu hiyo, ufunguliwe mara tu ardhi ngumu inapofikiwa. Aidha, pale ambapo saa chache bila mvua zinatosha kuikausha barabara, kusubiri ni uteuzi bora kuliko mnyororo wowote.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mnyororo ni kifaa cha utando wa tope juu ya udongo mgumu, na kwamba nje ya hali hiyo hudhuru. Inafuata kwamba dereva anayetoka Raskazone asiufunge nyumbani wala asiuache nyumbani: aubebe, auvae palipo mlima mwekundu na dharura, na auvue mara tu unapomaliza kazi. Madereva wa magari ya wagonjwa wa vituo vya milimani ndio wanaostahili kupewa mafunzo haya kwanza, kwa kuwa safari zao hazingoji jua.