Jangwani kwa Baiskeli: Utangulizi kwa Msafiri wa Kundi

Ujuzi wa kuvuka jangwa kwa baiskeli umekusanywa kutoka kwa watu wengi: madaktari waliochunguza joto, wataalamu wa hali ya hewa, mafundi wa baiskeli na viongozi wa misafara. Ukijiandaa kwa likizo yako ya kwanza ya aina hii ndani ya kundi lenye kiongozi, karibu. Si lazima uwe mwanamichezo. Mfano wangu ni Namib, nchini Namibia, katika njia ya changarawe inayotoka Sesriem, kwenye machuguu makubwa ya mchanga, ikapita Solitaire, ikashuka na kupanda mabonde ya Gaub na Kuiseb, hadi Walvis Bay kwenye Bahari ya Atlantiki.

Anza na jasho. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam huliona jasho lake likilowesha shati, naye akakumbuka maji. Namib jasho hukauka mara tu linapotoka. Ngozi hubaki kavu, na upepo wa mwendo humburudisha mwendeshaji hata adhani yuko salama, ilhali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na uangalie mkojo: ukiwa mchache na wa rangi iliyokoza, umechelewa. Lakini wapo wanaoumia kwa kuzidisha. Maji matupu mengi kupita kiasi hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana sana na za joto. Ndiyo maana karanga za chumvi na mchuzi wa jioni ni sehemu ya kinga, si anasa.

Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14 hivi: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupungua chumvi. Mtu wa pwani ana nafuu. Wa Mbeya au Limuru ajizoeze mapema kabla ya safari, na siku za mwanzo ziwe fupi. Mwenzako akianza kuyumba na kusema ovyo juani, usimsubiri apumzike. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mwite kiongozi. Kumpoza kunatangulia kumsafirisha.

Majira bora ni Mei hadi Septemba. Usiku wa bara hukaribia kuganda, basi beba sweta na glovu. Majira hayohayo upepo wa mashariki huweza kuleta joto na vumbi kuelekea pwani, ilhali siku nyingine mkondo baridi wa Benguela huifunika pwani kwa ukungu.

Barabara yenyewe ina matuta madogo yanayofuatana kama bati la paa. Tairi pana zilizopunguzwa upepo kidogo huokoa mikono na makalio. Miba ya migunga hutoboa tairi, kwa hiyo tyubu za akiba ni lazima. Acha nafasi kati yako na aliye mbele, kwa sababu ya vumbi na mawe, na likija gari, wote jipangeni mstari mmoja kushoto.

Kuhusu kundi, msimamo wangu ni mmoja: mwendo upangwe na aliye mwisho. Asiwepo wa kumpita kiongozi wala wa kubaki nyuma ya msimamizi wa mkia, na kupanda gari la kusindikiza kusihesabiwe kushindwa. Wanaojivunia kumaliza kila kilomita ndio huwachelewesha wenzao juani saa sita mchana.

Kabla ya kulipa, muulize mwandaaji: gari litabeba maji kiasi gani, mnaondoka saa ngapi alfajiri, nani amesomea huduma ya kwanza, na kuna simu ya setilaiti pale mtandao unapokosekana? Akisitasita kujibu, tafuta mwingine.