Kichekesho cha Wakaliga (Sehemu ya Pili): Sauti Juu ya Picha

Juma lililopita tulimwacha Isaac Nabwana, mfyatua matofali aliyejinunulia kompyuta, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala. Leo tuitazame filamu iliyompa jina, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ambayo gharama yake inasemekana haikufika dola 200. Wanaoisifu huko Ulaya na Marekani humtaja yeye peke yake, kana kwamba kila kicheko kilitoka kwenye kamera yake. Sivyo. Ukizima sauti, unabaki na filamu ya vita: wanajeshi wanapambana na genge la Tiger Mafia, helikopta iliyochorwa kwa kompyuta inaiteketeza Kampala, kapteni anauawa, ndugu yake Bruce U anatafuta kisasi kwa kung fu, na hadi mwisho muuaji hajulikani. Anayevunja watu mbavu ni VJ Emmie, msimulizi anayepayuka juu ya picha, akiinadi filamu hiyohiyo na kuwatania waigizaji wake. Mtu wa Changamwe, Mombasa, aliyekulia kwenye filamu za Kihindi na Kichina zilizosimuliwa na DJ Afro ataielewa kazi hiyo mara moja. Mtanzania atamkumbuka Lufufu, msimulizi wa kwao.

Kuna watakaosema sauti hiyo ni kachumbari tu, pilau ni la mwongozaji. Lakini haiondoleki. Nabwana aliifuta filamu asilia kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine (DVD zilikuwa zikiuzwa na waigizaji wenyewe, mlango kwa mlango, nani angewaza makumbusho?), na nakala iliyosalia ni ile yenye sauti ya Emmie. Ilikuwa bahati mbaya, nakubali. Ila kwenye Bad Black ya 2016 msimulizi yumo tena, na safari hii kwa kupenda. Wala si ajabu, kwani utotoni Nabwana hakuwa akiingia kwenye vibanda vya video, ambamo filamu huonyeshwa na kusimuliwa. Waliokwenda ni kaka zake, wakarudi kumsimulia. Filamu ilimfikia kwa masikio kwanza. Ujasiri wake wa kisanaa, kwa maoni yangu, ni kukataa kuutenganisha usimulizi huo na picha, hata filamu zake zilipoanza kutazamwa na watu wasiojua kibanda cha video ni nini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wageni wanaucheka umaskini: bunduki za vyuma chakavu alizounda Dauda Bisaso, damu bandia ndani ya kondomu. Wapo wanaocheka hivyo. Lakini Emmie hucheka kabla yao, na yeye ndiye anayeamua kipi cha kuchekwa. Tena katika Bad Black, Alan Hofmanis, Mmarekani aliyeihama New York akaenda kuishi Wakaliga, anaigiza daktari anayeibiwa, kisha anafunzwa ukomando na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Mgeni ndiye kichekesho hapo, na filamu hiyo ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Juma lijalo tutafika Kassel, Ujerumani, ambako mwaka 2022 watu wa Wakaliga walialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta.