Usiku wa Serengeti kwa rangi za maji: Mwanga haupakwi, huachwa

UKIPITA katika maduka ya sanaa ya Arusha au Dar es Salaam utakutana na Serengeti ya aina moja: jua la rangi ya chungwa likizama, mgunga, na twiga mweusi mbele yake. Serengeti ya usiku ni nadra kuonekana.

Hata hivyo, kwa wakazi wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1951, usiku ndio wakati wa kazi nzito. Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, wakulima hukesha mashambani wakiwa na moto, tochi na madebe ya kupiga, wakiwafukuza tembo. Wapo waliopoteza mazao ya msimu mzima kwa usiku mmoja, na wapo waliopoteza maisha. Serikali ina malipo yake kwa hasara hizo, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa vifo, chini ya kanuni za mwaka 2011.

Mandhari hiyo ya moto mdogo katikati ya giza kubwa inafaa mno kuchorwa kwa rangi za maji. Hapa tuelewane, msomaji: si ile rangi ya maji inayopakwa ukutani. Ni rangi ya kuchorea, inayoyeyushwa na kupakwa nyepesi juu ya karatasi nzito, kiasi kwamba weupe wa karatasi huonekana kupitia rangi yenyewe.

Ugumu unaanzia hapo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wake jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi. Kwa rangi hizo mchoraji anaweza kutandaza weusi kwanza, kisha akauweka mwezi juu yake. Mwenye rangi za maji hana nafasi hiyo, kwani njano ikiwekwa juu ya buluu iliyokolea humezwa.

Kwa hiyo mwanga haupakwi, huachwa. Kabla ya kulowesha brashi, mchoraji sharti ajue mwezi utakaa wapi, moto wapi, na ni ukingo upi wa bati utakaong'aa. Sehemu hizo atazizunguka bila kuzigusa mpaka mwisho. Kwa nyota, wengine husugua ncha ya mshumaa mweupe juu ya karatasi, kwa kuwa nta hukataa maji. Kosa halifutiki kirahisi.

Giza nalo halitoki katika rangi nyeusi ya dukani, ambayo huiacha picha ikiwa kama imepakwa masizi. Hupatikana kwa kuchanganya buluu iliyokolea na kahawia yenye wekundu, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Mwezi Agosti, katika nyanda kavu za Serengeti, kungoja huko ni kwa muda mfupi. Katika vilima vya Tarime wakati wa masika, inahitajika subira. Aidha, rangi za maji hufifia zikikauka, na wanaoanza hukata tamaa asubuhi wanapokuta usiku wao umegeuka jioni yenye mawingu.

Jicho pia hudanganya. Mwanasayansi Jan Purkinje alieleza kwamba mwanga unapopungua, nyekundu hutangulia kufifia huku buluu ikibaki. Ndiyo maana shuka jekundu la mchungaji huonekana jeusi chini ya mbalamwezi. Anayelipaka wekundu hapo anachora anachokijua, si anachokiona. Lakini likisogezwa karibu na moto wekundu hurudi, na mkeshaji mmoja huwa na bega jekundu upande wa moto na bega jeusi upande wa mwezi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bega hilo pekee linatosha kuwa picha.

Muda wa kutazama ni mfupi. Mkoani Mara jua huzama karibu saa 12:45 jioni, na kwa kuwa Ikweta iko jirani, dakika 20 hivi baadaye mwanga wa kuchorea umekwisha. Njia ya busara ni kuandika alama za rangi kwa penseli jioni, kisha kupaka kesho yake mchana. Kukaa gizani na karatasi mahali tembo wanapopita si ushujaa.

Tarime ina usiku wa namna nyingine. Nyamongo, ulipo mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, taa za umeme huwaka na anga juu yake hupauka. Mwanga huo ni mweupe na mkali, hauna njano ya kuni, na nyota nyingi hupotea ndani yake. Mchoraji wa huko huanza na anga ya kijivu, na hahitaji mshumaa mwingi.

Na tembo je? Mkeshaji kwa kawaida humsikia kabla ya kumwona, mabua yakivunjika. Katika picha, tembo ni tabaka moja zaidi la giza juu ya giza lililopo, kingo zake zikiloweshwa ziyeyuke ndani ya mahindi, na mstari mwembamba wa mgongo ulioachwa bila rangi, pale mwezi unapomgusa.