Ncha Hunolewa, Mwili Haunolewi

Asubuhi moja pwani ya Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, mzee mmoja mvuvi wa mshipi aliniwekea ndoana mbili kiganjani. Moja ilikuwa inang'aa kama iliyotoka dukani sasa hivi. Nyingine ilikuwa imeshika rangi ya kahawia kuanzia tundu la kufungia hadi kwenye pindo.

"Haya mwanangu, wewe uliyesomea mambo ya samaki. Ukienda baharini leo utafunga ipi?"

Nikachagua inayong'aa. Mzee akacheka, akaichukua na kuitupa kwenye kopo la maziwa lililojaa vyuma chakavu. "Hiyo juzi ilishika mwamba, ikanyooka. Kijana akaikunja tena kwa koleo. Umbo limerudi, nguvu haikurudi." Kisha akaipitishia ile ya kahawia msasa mara nne au tano, akaigusisha kwenye ukucha wa dole gumba, ikang'ata. Akaifunga.

Kwa dakika chache zile mzee alikuwa amelijibu swali ambalo wavuvi huliuliza sana: ndoana inolewe lini, na itupwe lini? Wengi wetu hutazama rangi. Ikiwa nyeupe tunaiamini, ikiwa nyekundu tunaishuku. Lakini ndoana ina kazi mbili, kuingia na kushika. Kuingia ni kazi ya ncha. Kushika ni kazi ya mwili, yaani pindo, shina na tundu. Ncha ikichoka unaweza kuitengeneza upya. Mwili ukichoka, hakuna tupa ya kuuponya.

Kuingia

Chukua ncha mbili. Ya kwanza ina upana wa milimita 0.1, ya pili milimita 0.4. Kwa macho ni shida kuzitofautisha, hasa kwa sisi tuliokwisha kuvaa miwani. Lakini eneo la ncha ya pili ni kubwa mara 16, kwa hiyo ili ipenye mahali palepale inadai nguvu kubwa zaidi kwa kiasi hichohicho.

Nguvu hiyo itatoka wapi? Mvuvi aliyeshusha chubwi pima 30, yaani mita 55 hivi, anavua kwa nailoni, na nailoni hunyumbuka. Anaposhtua mshipi, sehemu ya nguvu yake inaishia kwenye kule kunyumbuka, na sehemu nyingine inaishia kuunyoosha mshipi ambao mkondo umeupinda. Kinachofika chini ni kidogo kuliko mkono unavyodhani. Hapo ndipo panapozaliwa yale malalamiko ya kila siku ngalawani: "Alikuwepo, nimemsikia, kisha akaachia." Chewa ana taya la mfupa; ncha butu ikigota hapo huteleza, naye hutema chambo na kurudi pangoni kwake. Mvuvi humlaumu samaki kwa ujanja, au chambo kwa kuchacha, na ndoana hairushiwi neno.

Kipimo cha ncha kila mtu anacho mkononi. Iweke juu ya ukucha wa dole gumba, kwa kuilaza kidogo, uivute taratibu bila kuikandamiza. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mwembamba, ni kali. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, ni butu. Kisha pitisha ukucha huohuo kutoka kwenye kijino kuelekea nchani, pande zote. Ukikwaruzwa na kitu upande mmoja, ujue ncha imelala: chuma kimejikunja pembeni badala ya kulika. Ndoana ya namna hii inaweza kuchoma kidole chako ikakudanganya kuwa nzima, kumbe kwa samaki inaingia kwa kombo au haiingii kabisa.

Yanayoifikisha hapo yanajulikana: mwamba, mchanga wa chini unaposuguliwa na mkondo, mifupa ya mdomo wa samaki, kutu, na kugongana na wenzake ndani ya kopo. Kwa hiyo pima ndoana mpya kabla ya kuifunga, maana hata ya dukani huweza kutoka butu. Pima kila inaponasuka mwambani. Pima baada ya kila samaki mwenye taya gumu. Inachukua muda mfupi kuliko kuvisha chambo.

Namna ya kunoa

Kunoa ndoana ni kazi ya kale kuliko chuma chenyewe. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, Japani, wachimbuaji walikuta ndoana za gamba la konokono wa baharini zenye umri wa miaka ipatayo 23,000, zilizotengenezwa kwa kusuguliwa hadi zikapata umbo na ncha. Sisi tuna tupa, kinoo na msasa, lakini kazi ni ileile: ondoa kidogo, mahali panapostahili, basi.

Shika ndoana kwa koleo kwenye pindo, ncha ikitazama juu. Tumia tupa ndogo yenye meno laini. Ile ya kunolea panga inakula chuma kwa pupa. Sugua ncha kwa kwenda upande mmoja tu, usiende na kurudi kama msumeno. Piga ubavu wa kushoto mara tatu au nne, wa kulia vivyo hivyo, kisha mgongo wa ncha, upande wa nje. Utapata ncha ya pande tatu yenye kingo zinazokata. Malizia kwa kinoo au msasa laini kuondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki, kisha rudi kwenye ukucha.

Yapo makosa mawili hapa. La kwanza ni kuifanya ncha ndefu na nyembamba kama sindano ya cherehani. Itachoma vizuri mara moja, kisha itajikunja kwenye mfupa wa kwanza itakaokutana nao. Ukivua samaki wa midomo laini, wembamba unavumilika. Ukivua chewa, ncha fupi yenye mabega ndiyo inayodumu. Kosa la pili ni kutumia mashine ya umeme ya kusagia chuma. Ncha ya ndoana ni ndogo mno, hupata moto kwa muda mfupi sana. Ukiona imegeuka rangi ya dhahabu, kisha ya buluu, joto limeshapita nyuzi 200 na ugumu ule uliowekwa kiwandani umeanza kuondoka. Utakuwa na ncha kali isiyoweza kubaki kali.

Kuna pia ndoana ambazo ncha zake hazikutengenezwa kwa kusagwa peke yake, bali zimemaliziwa kwa dawa za kemikali zinazokula chuma kwa usawa kuizunguka ncha yote. Ni kali sana zinapotoka kwenye pakiti, na tupa ya kawaida haiwezi kuurudisha ukali huo. Ziguse kwa kinoo laini mara moja au mbili zikianza kuchoka, zisipoitika, badilisha. Ndoana ndogo za waya mwembamba nazo hazihitaji maarifa mengi: hazina nyama ya kunolewa, na bei yake ni ndogo.

Hata ndoana nene ina mwisho wake. Kila unaponoa, umbali kutoka nchani hadi kwenye kijino unapungua. Weka ndoana mpya ya saizi ileile pembeni ulinganishe. Ikiwa umbali huo umebaki karibu nusu, ncha yako sasa ni fupi na nene, na kijino kiko karibu mno nayo: inaingia kwa shida, na samaki anaona bugudha mapema. Imekula umri wake, iache.

Kushika

Sasa tuingie kwenye mwili, ambako makosa huwa na gharama kubwa zaidi. Ndoana nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa waya wa chuma chenye kaboni. Kampuni ya Mustad ya Norwei, ambayo jina lake limezoeleka kwa wavuvi wa nchi nyingi, iliingia katika kutengeneza ndoana kwa mashine mwaka 1877, na hatua kuu za kazi hiyo bado ni zilezile: waya hukatwa, huchongwa ncha, hukunjwa, kisha huchomwa moto na kupozwa ghafla ili uwe mgumu, halafu hupashwa tena kwa joto la chini ili usiwe mgumu wa kuvunjika kama kigae. Mwisho hupakwa ngozi ya bati, nikeli au rangi dhidi ya kutu.

Huo uwiano kati ya ugumu na unyumbufu ndio unaomzuia samaki mkubwa kuondoka. Ndoana iliyonyooka imepita mpaka wake. Ukiikunja irudi, chuma kimepindwa mara mbili mahali pamoja, na hapo ndipo patakapokatika au kufunguka mara ijayo. Usichukue kwa mzaha upindo mdogo pia: ilaze ndoana juu ya mpya ya saizi yake, na ikiwa mdomo wa ile ya zamani umepanuka kidogo, imeshaanza safari. Wako wanaoichoma kwenye makaa ili ikunjike kwa urahisi. Hao wanaifuta kazi yote ya kiwandani na kubaki na kipande cha waya laini.

Kutu nayo ina madaraja. Futa ndoana kwa kitambaa kikavu, kisha kwa msasa laini. Wekundu ukiondoka na chini yake chuma kikawa laini, ile ilikuwa kutu ya juu tu, kama ya ndoana ya mzee wangu. Ukikuta vishimo, hata vidogo kama alama za sindano, hiyo haitengenezeki. Kila kishimo ni mwanzo wa ufa, na mvuto wote wa samaki hukusanyika pale. Kagua zaidi kwenye pindo, ambako mzigo ni mkubwa, na kwenye tundu, ambako chumvi hujificha chini ya fundo. Tundu lililoanza kufunguka au lenye ukingo mkali linakata nailoni taratibu, nawe utabaki unalaumu mshipi.

Kumbuka pia kwamba tupa inapochonga ncha inaondoa ile ngozi ya kinga. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na chuma kilicho wazi hakiyawezi. Ncha iliyonolewa jioni na kuachwa na unyevu hupoteza ukali wake bila kugusa mwamba. Baada ya kuvua, suuza ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikauke kabisa, kisha zipake mafuta ya cherehani kidogo. Kabla ya kuvua, zifute. Na usichanganye zenye kutu na mpya kwenye kopo moja lenye unyevu.

Wengine hukimbilia ndoana zisizoshika kutu kirahisi. Zina faida yake, lakini chuma chake kwa kawaida hakikai na ukali kama cha kaboni, na samaki akikata mshipi akaondoka nayo, itakaa mdomoni mwake kwa muda mrefu sana. Ndoana ya kawaida ya kaboni humwachia mapema zaidi, kwa sababu inaliwa na kutu.

Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imeinamia ndani kuelekea shina, ina sheria zake. Imeundwa kuteleza hadi pembe ya mdomo na kushika hapo samaki anapoondoka, na ndiyo sababu inahimizwa kwenye mishipi mirefu ili kasa wasiimeze. Haitaki kushtuliwa, lakini inataka ncha kali kama nyingine yoyote. Inoe kwa upande wa nje na mbavuni. Ukila chuma cha ndani unaongeza nafasi kati ya ncha na shina, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi yote.

Hesabu ya mwisho

Mwenye dhulumati, yaani mshipi mrefu, ya ndoana 200 atauliza, nani ana muda wa kuweka zote kwenye ukucha? Jibu ni kutozipima zote kwa siku moja. Wakati wa kuvisha chambo kila ndoana inapita mkononi. Hapo vidole vitahisi iliyopinda, iliyolala ncha au yenye vishimo. Ikate papo hapo, iingie kwenye kopo moja kati ya mawili: moja la kunolewa nyumbani, jingine la kufa. Lile la kufa lifunge kwa kifuniko. Pwani tunatembea pekupeku, na watoto hucheza mchangani.

Kuhusu fedha, weka bei za soko lako mwenyewe. Tuseme ndoana ni shilingi 500 na changu uliyempoteza ni shilingi 10,000. Samaki huyo mmoja angekununulia ndoana 20, kabla hujahesabu mafuta ya mashine na nguvu za mkono. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo inamfaa anayetafuta sababu ya kutokwenda shamba. Mzee wa Mkokotoni alichagua, tena kwa ukali, na bado alikuwa wa kwanza kusukuma ngalawa majini.

Niliporudi kwake jioni nilimuuliza ile ya kahawia iko wapi. Ilikuwa bado kwenye mshipi. Alikuwa ameipima ukuchani, imeteleza, na tayari ameketi kwenye gogo na tupa mkononi. Akapiga mara tatu, akasimama kidogo, akailinganisha na mpya iliyokuwa kwenye pakiti.

"Hii ina mnoo mmoja tu," akasema. "Ukiisha huo, nayo itaingia kwenye kopo."