Usiuze Jembe Lako

Ndugu msomaji, akija mtu kijijini kwako na kusema kuwa dunia itakwisha tarehe fulani, utafanyaje? Wengi hucheka. Lakini aliyefiwa, au mwenye mgonjwa asiyepona, hacheki, yeye husikiliza.

Sikieni habari za Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda. Huko mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde alidai kwamba Bikira Maria humtokea. Pamoja naye walikuwapo Joseph Kibwetere, aliyekuwa mwalimu, na hata padre mmoja aliyesimamishwa, Dominic Kataribabo. Jina la kundi lao lilikuwa jema: kurudisha Amri Kumi za Mungu. Walisali sana na kufunga sana. Lakini wafuasi waliambiwa wauze mali zao na kukabidhi fedha, tena wasizungumze, bali waonyeshane kwa ishara. Asiyezungumza na mwenzake, atamwuliza nani?

Wakatangaziwa kuwa mwisho ni tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida. Baadhi wakadai mali zao. Viongozi wakataja siku nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 waumini walikusanyika katika jengo lao, milango na madirisha yakapigiliwa misumari, moto ukawaka. Walikufa mamia, pamoja na watoto wao. Baadaye maiti nyingi nyingine zilifukuliwa katika nyumba za kundi. Jumla yao ilikadiriwa kupita 700.

Wala si Uganda tu. Huko Marekani, wafuasi wa William Miller walingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na wengine hawakuvuna mazao yao. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kuwa kwa kufunga watamwona Yesu.

Bwana wetu alitufundisha kuwa aijuaye siku ile ni Baba peke yake. Basi ajidaiye kuijua, amefunuliwa na nani?

Wazazi, mpimeni mgeni wa namna hiyo kwa mambo matatu. Je, anataka mali yenu? Anawakataza kuuliza? Anawatenga na jamaa zenu? Likiwapo hata moja, mwambieni katekista na mwenyekiti wa kijiji mapema, kabla mbuzi wa kwanza hajauzwa.

Hapa kwetu Singida mwisho wa Desemba ni wakati wa jembe. Asiyelima mtama na alizeti majira hayo, atavuna njaa. Mkristo na amngoje Bwana wake akiwa shambani, na watoto wake wameshiba.