Ngeli, Darasa au Kalibu? Miundo na Klasi katika Uandishi wa Programu za Tarakilishi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa kutafsiri mwongozo wa uandishi wa programu za tarakilishi hukwama mapema, katika maneno mawili: 'struct' na 'class'. La kwanza halina taabu kubwa; 'muundo' linatosha. La pili lina visawe vingi mno: darasa, tabaka, aina, kundi na, kwa aliyebobea katika sarufi, ngeli. Makala haya yananuia kufafanua dhana zenyewe kwanza, maadamu istilahi haiwezi kuteuliwa kabla ya dhana kueleweka.

Tuchukue mfano wa maktaba. Kila kitabu kina anwani, mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na idadi ya nakala zilizomo rafuni. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, taarifa hizo nne hufungwa katika furushi moja liitwalo muundo, na kila taarifa hupewa uga wake. Hata hivyo, muundo wa C ni furushi tu. Haujui kitabu huazimwa vipi. Kazi hiyo hutendwa na msimbo ulio nje yake, na msimbo wowote unaoufikia muundo huo unaweza kuubadilisha uga wa nakala upendavyo. Mwandishi mmoja wa programu akisahau kukagua, maktaba itajikuta na nakala hasi tatu, na tarakilishi haitalalamika. Katika programu fupi kosa hilo huonekana upesi. Katika programu ya maelfu ya mistari, kulisaka ni kazi ya usiku kucha.

Klasi ilizuka kwingine. Mwaka wa 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwe waliiingiza katika lugha yao ya Simula 67. Klasi hubeba taarifa pamoja na mbinu, yaani vitendo vinavyoruhusiwa juu ya taarifa hizo. Klasi ya Kitabu itakuwa na mbinu mbili, azima na rudisha, na uga wa nakala utafanywa wa faragha. Anayetaka kitabu sharti apitie azima, nayo hukagua kwanza kama nakala ingalipo. Ndivyo ilivyo kwa mkutubi: msomaji haruhusiwi kuingia nyuma ya meza na kujiandikia daftarini.

Bjarne Stroustrup alianza kuichanganya mikondo hii miwili mwaka wa 1979, na zao lake likapewa jina la C++ mwaka wa 1983. Humo hata muundo unaweza kuwa na mbinu. Tofauti iliyobaki ni ndogo: mwandishi asiposema lolote, vilivyomo ndani ya muundo huwa wazi kwa wote, ilhali vya klasi huwa vya faragha.

Sasa turejelee istilahi. 'Darasa' humpeleka msomaji kwenye madawati. 'Tabaka' limekwisha kutwaliwa na wahakiki wa Kimarx. 'Ngeli' ndilo linalovutia zaidi, na si bure. Kwa mtazamo wa kisintaksia, ngeli haitambuliwi kwa umbo la nomino bali kwa upatanisho wake: kiti kimevunjika, lakini kifaru amelala. Vivyo hivyo, klasi haitambuliwi kwa taarifa zake pekee bali pia kwa vitendo inavyoviruhusu. Lakini mlinganisho huo unavunjika mahali muhimu. Nomino zilikuwepo kabla ya mwanasarufi kuziainisha, ilhali katika programu kitu hakipo mpaka kiundwe kwa kufuata klasi yake. (Kitu hicho, anayetafsiri neno kwa neno angekiita shamirisho!) Fundi wa matofali ana kalibu moja, na kwayo hutoa matofali mengi yenye umbo sawa, kila moja na udongo wake. Kwa hiyo 'kalibu' linakaribia dhana kuliko ngeli, ingawa nalo lina kasoro: tofali likishatoka haliihitaji kalibu tena, ilhali kitu huendelea kutumia mbinu za klasi yake. Isitoshe, wasiotofautisha sauti /l/ na /r/ watasikia 'karibu'.

Hata 'muundo', lililoonekana jepesi hapo awali, lina mtego wake. Katika lugha ya C#, muundo ukipewa jina la pili hunakiliwa wote. Badiliko katika nakala haliugusi ule wa kwanza. Kitu cha klasi kikipewa jina la pili hubaki kimoja chenye majina mawili, na azima ikiitwa kwa jina moja, nakala hupungua kwa yote mawili. Mfasiri atakayeandika 'muundo' katika mwongozo wa C, wa C++ na wa C# pasipo kuufafanua upya kila mara atakuwa ametumia neno moja kwa tabia tatu tofauti, na anayeanza kujifunza ndiye atakayeshangaa kwa nini maktaba yake haipungukiwi na vitabu.