Msumeno na Mwinuko: Takwimu za Ukataji Miti katika Misitu ya Kilombero

Ukataji wa miti haupunguzi idadi ya miti tu. Hubadilisha pia aina za mimea zinazobaki na mahali zinapoota. Kupima badiliko hilo katika Bonde la Kilombero ni kazi ngumu kwa sababu moja kubwa: msumeno haukupita msituni kwa kubahatisha. Msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, unapanda mfululizo kutoka mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Chini yake zipo Sanje na Mang'ula, barabara ya Kidatu hadi Ifakara, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Anayetafuta mbao huanza pale ambapo gogo linatoka kwa urahisi, yaani chini. Lakini chini huko ndiko pia kwenye joto zaidi na udongo tofauti. Uchunguzi wa Jon Lovett, Andrew Marshall na Jeff Carr, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha jinsi miti ya Udzungwa inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda mlima. Kwa hiyo anayelinganisha ploti, yaani vipande vya msitu vinavyopimwa, zilizokatwa bondeni na zisizoguswa mlimani atapata tofauti kubwa hata kama shoka halikuchangia chochote.

Kabla ya hesabu yoyote, ukataji wenyewe lazima upimwe. Kuandika "umekatwa" au "haujakatwa" hakutoshi. Kinachohesabiwa ni visiki, njia za kuburutia magogo na mashimo ya kupasulia mbao, ambamo mpasuaji mmoja husimama chini na mwenzake juu ya gogo. Kisiki chenye kipenyo cha sentimita 80 kina eneo la mkato la takriban nusu mita ya mraba. Hata hivyo miti iliyosimama hupimwa kifuani, mita 1.3 kutoka ardhini, na kisiki ni kinene kuliko shina lilivyokuwa kifuani. Dawa yake ni kupima miti hai ya spishi hiyohiyo katika vimo vyote viwili, kisha kutumia uhusiano huo kukadiria kipenyo cha mti uliokwisha kuondoka. Tatizo ambalo hesabu haiwezi kuliponya ni kuoza: kisiki cha mti mgumu kama mninga hudumu, cha mti laini hutoweka mapema. Msitu uliokatwa zamani huweza kuonekana safi.

Umbo la ploti nalo lina athari zake. Katika NAFORMA, tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara iliyofanyika kuanzia 2009 hadi 2014, kila ploti ilikuwa na maduara manne yenye kitovu kimoja. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi ulipimwa ndani ya mita 15 kutoka katikati; kimti cha sentimita moja kilihesabiwa ndani ya mita moja tu. Mpangilio huo unaokoa muda, lakini una gharama. Mti mmoja mnene unawakilisha miti 14 hivi kwa hekta, ilhali kimti kimoja kwenye duara dogo kinawakilisha zaidi ya 3,000. Makadirio ya miche, ambayo ndiyo yanayotabiri msitu wa kesho, huyumba zaidi kuliko ya miti mikubwa.

Data zikishapatikana, kila jozi ya ploti hupewa namba moja ya utofauti. Kipimo kinachotumika sana kilitokana na kazi ya J. Roger Bray na John Curtis katika misitu ya Wisconsin, Marekani, mwaka 1957. Mfano wa kubuni unatosha kukieleza. Ploti ya kwanza ina mikangazi 6 na miavi 4. Ya pili, iliyokatwa, ina mkangazi 1, miavi 3 na Macaranga 6, mti unaopenda mwanga na unaojitokeza palipofunguka. Tofauti ni 5, 1 na 6, jumla 12. Ukigawanya kwa miti yote 20 unapata 0.6; sifuri ingekuwa na maana ya ploti zinazofanana kabisa, na moja ploti zisizo na spishi hata moja ya pamoja. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihesabu ukosefu wa pamoja: ploti mbili zisizo na mvule hazihesabiwi kuwa zinafanana kwa sababu hiyo, maana huenda moja ina maji mengi na nyingine ina ukame.

Je, tofauti kati ya makundi imetokea kwa bahati? Tuseme kuna ploti 20, kumi zilizokatwa na kumi zisizokatwa. Kompyuta huchanganya lebo hizo upya mara 999 na kila mara hupima tofauti kati ya makundi. Kama ni mara 12 tu ambapo tofauti ya kuchanganya imefikia ile halisi, uwezekano wa kuipata kwa bahati ni 13 kwa 1,000, ukihesabu na mpangilio halisi wenyewe. Lebo za ploti 20 zinaweza kupangwa kwa njia 184,756. Lakini mchanganyo huo huria unairudisha Mwanihana katika kosa lilelile la kulinganisha bonde na mlima, kwa kuwa unahamisha lebo ya mita 300 hadi mita 1,500 kana kwamba ni mahali pamoja. Sahihi ni kuchanganya ndani ya ukanda mmoja wa mwinuko. Kukiwa na kanda tano, kila moja na ploti nne, mbili zikiwa zimekatwa, njia hubaki 7,776. Mtafiti anapoteza nafasi nyingi za mchanganyo, lakini anachopata ni jibu kuhusu msumeno badala ya mlima. Na ukanda ambao ploti zake zote zimekatwa hausemi lolote. Hapo hakuna fomula itakayosaidia.

Idadi ya spishi peke yake ni kipimo cha kuhadaa. Baada ya ukataji mwepesi huweza hata kuongezeka, kwa sababu spishi za mwangani huingia kabla zile za kivulini hazijaisha. Kwa upande mwingine, msitu uliopunguzwa una mashina machache, na mashina machache huleta spishi chache hata bila madhara ya kudumu. Njia mojawapo ni kulinganisha idadi sawa ya miti, kwa mfano 20 iliyo karibu zaidi na kitovu. Hapo napo pana mtego: katika msitu uliokonda miti 20 hutawanyika kwenye eneo pana, na eneo pana hubeba udongo wa aina nyingi.

Magombera, msitu wa tambarare kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, uliopandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, unaonyesha kikomo kingine. Ploti 30 ndani yake bado ni msitu mmoja. Stuart Hurlbert alionya mwaka 1984 dhidi ya kuhesabu vipimo vya mahali pamoja kama ushahidi unaojitegemea. Ploti hizo zinaeleza Magombera, si misitu ya tambarare yote ya Tanzania.

Huko huko watafiti wamejaribu njia inayokwepa tatizo la kulinganisha maeneo yaliyokuwa tofauti tangu mwanzo. Msitu uliovurugwa hufunikwa na liana, mimea ya kamba inayoparamia miti na kuinyima mwanga. Badala ya kulinganisha tu maeneo yenye liana nyingi na yenye chache, walizikata katika baadhi ya ploti na kuziacha katika nyingine, kisha wakapima miti ileile mwaka hadi mwaka. Miti iliyoondolewa liana ilikua kwa kasi zaidi. Katika ukataji wa miti yenyewe jaribio la namna hiyo ni nadra, kwa kuwa hakuna atakayeruhusu mivule iangushwe kwa kura ndani ya hifadhi. Kwa hiyo huko kilichopo ni ploti za kudumu zilizopimwa kabla na baada, pale zilipowahi kuwekwa, na kwingineko ni ulinganisho wa kanda kwa kanda.